Databesi ya duka: ibaki Majengo au ihamie kwenye wingu?

"Shikamoo mwalimu. Natunza mifumo ya kampuni ya pembejeo na nafaka yenye duka kubwa Majengo hapa Dodoma na matawi Kibaigwa, Manyoni na Singida mjini. Mfumo wa mauzo niliuandika mwenyewe kwa lugha ya PHP, na data inakaa kwenye databesi ya PostgreSQL. Seva ni kompyuta ya kawaida iliyo chini ya kaunta Majengo, na matawi yanaifikia kwa intaneti. Mwezi Machi umeme ulikatika na kurudi mara nne asubuhi moja, diski ikafa, tukapoteza mauzo ya siku tatu. Sasa bosi ameambiwa na kijana mmoja kwamba tukilipia databesi ya kwenye wingu, ile inayoendeshwa na kampuni yenye huduma, hatutahitaji tena bakapu wala mtu wa databesi. Je, ni kweli? Na mimi nitabaki na kazi?" (Msomaji, Nkuhungu)

Marahaba, kijana wangu, na pole kwa zile siku tatu. Nianze na la kazi, maana naona ndilo linalokunyima usingizi: kazi unayo. Ukishahama utagundua kuwa kuwasha mashine na kuomba Mungu diski isife haikuwa kazi ya databesi hata kidogo. Na kuhama, nakushauri mhame. Ila si kwa sababu alizopewa bosi, wala si kwa namna ambayo nahisi mnapanga kuhama.

Twende Kibaigwa kidogo, kwa vile mna tawi pale. Mfanyabiashara akiweka mahindi kwenye ghala la kukodi, mwenye ghala anahakikisha paa halivuji, panya hawaingii, na usiku kuna mlinzi langoni. Lakini karani wako akiandika magunia 90 mahali pa 900, mwenye ghala hahusiki, wala hatajua. Na dereva wako akija na karatasi yenye sahihi yako akatoa mzigo wote, mlinzi atamfungulia lango na kumtakia safari njema. Databesi ya kukodi ni ghala la namna hiyo. Amazon walianza kuikodisha mwaka 2009 kwa jina la RDS, kwanza kwa MySQL, databesi nyingine ya jamii ya PostgreSQL, na PostgreSQL yenyewe ikaongezwa 2013. Google na Microsoft nao wana za kwao. Wote wanakuuzia kitu kilekile: paa, kufuli na mlinzi.

Na paa hilo si kitu kidogo. Diski yako ya Machi ingekufa kule, usingejua. Viraka vya usalama vya mfumo wa mashine wanaweka wao. Bakapu inachukuliwa kila siku, na kumbukumbu za kila badiliko zinahifadhiwa pembeni, kiasi kwamba unaweza kuomba databesi kama ilivyokuwa Jumanne saa tisa na dakika kumi alasiri. Kwenye RDS unaweza kuchagua kurudi nyuma hadi siku 35, na mwisho wa kurudi huwa ni dakika kama tano kabla ya sasa hivi. Hakuna duka Majengo, Sabasaba wala popote mjini hapa litakalojijengea kitu hicho chini ya kaunta kwa fedha ya kawaida.

Sasa upande wa karani na dereva. Siku moja utaandika UPDATE, yaani amri ya kubadilisha data, ili ubadilishe bei ya mbolea, simu italia, utasahau WHERE, sehemu inayotaja ni bidhaa ipi, utabonyeza. Bei ya kila kitu dukani imekuwa bei ya mbolea. Mtoa huduma ataitunza bei hiyo kwa uaminifu mkubwa. Kama mmelipia mashine ya pili ya akiba kwenye jengo jingine, kosa lako litafika huko papo hapo, kwa sababu kazi ya mashine ya pili ni kufanana na ya kwanza. Watu wengi sana wanachanganya hapa, hata wenye vyeti ukutani: nakala pacha inakuokoa mashine ikifa, lakini kosa lenyewe inalinakili kama lilivyo.

Utasema, basi nitarudisha ile ya dakika tano zilizopita. Sawa, ukishtuka mapema. Lakini mambo ya dukani hayagunduliwi mapema. Kosa la Jumatatu linaonekana Alhamisi mhasibu anapofunga hesabu, na kati ya Jumatatu na Alhamisi maduka yote manne yameuza. Hutarudisha databesi nzima nyuma siku nne. Unachofanya ni kurudisha ya Jumatatu pembeni, na kwa kweli RDS haikupi njia nyingine: kurudisha kunazaa databesi mpya yenye anwani mpya, na ile ya zamani inabaki kama ilivyo. Kisha unachota jedwali moja la bei, unalilinganisha na la leo, unasahihisha mstari kwa mstari. Databesi iliyorudishwa hivyo huwa nzito kama gari la asubuhi kwenye RDS, kwa sababu data inavutwa kutoka ghala la bakapu kidogokidogo kadiri unavyoigusa, usidhani imeharibika. Hiyo yote ni kazi ya mtu anayejua bei ya mbolea ilikuwa ngapi Jumatatu. Mtu huyo ni wewe, na ndiyo maana nimesema kazi unayo.

Kuhusu "hatutahitaji bakapu", mimi nimeumwa na nyoka, nikiona ung'ong'o nashtuka. Miaka ya nyuma nilitunza databesi ya ofisi moja nisiyoitaja. Kila saa nane usiku mashine ilitoa nakala kwa pg_dump, programu ya PostgreSQL ya kutoa nakala ya databesi, ikaibana kwa gzip iwe ndogo, ikaiandika kwenye diski ya nje na tarehe yake. Faili zilijipanga vizuri, moja kila siku, kama wanafunzi mstarini. Siku tuliyozihitaji nikakuta kila faili, kwa miezi mitano kurudi nyuma, ina baiti 20. Hizo baiti 20 ndizo ukubwa wa faili tupu iliyobanwa na gzip. Mtu alibadilisha nywila, pg_dump ikawa inafukuzwa mlangoni kila usiku, na gzip kwa utiifu wake ikaendelea kubana hewa. Mimi nilikuwa nakagua majina ya faili. Ukubwa sikuwahi kuutazama.

Nilijiona mjinga wa peke yangu mpaka Januari 31, 2017, GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao, walipofuta data za seva yao kuu. Mhandisi alikuwa anashughulika na tatizo usiku, akafuta folda ya databesi akidhani yuko kwenye seva ya pili. Walipogeukia bakapu, kati ya njia tano walizokuwa nazo hakuna iliyokuwa ikifanya kazi inavyotakiwa. pg_dump yao ilikuwa ya toleo 9.2 wakati databesi ilikuwa 9.6, hivyo ilikuwa ikishindwa kimyakimya. Kilichowaokoa ni nakala aliyoichukua mtu kama saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Walieleza yote hadharani, na nawaheshimu kwa hilo.

Kwa hiyo ile kompyuta ya chini ya kaunta usiitupe. Iwekee diski mpya, iwe mahali pa kurudishia. Mara moja kwa mwezi, tuseme Jumamosi ya kwanza mkishafunga, chukua nakala ya pg_dump kutoka kwenye wingu, irudishe kwenye mashine hiyo ya Majengo, uhesabu risiti na ujumlishe mauzo ya siku moja uliyoichagua ovyo, ulinganishe na daftari la mhasibu. Anza kuhesabu dakika tangu unapogusa kibodi. Bosi akikuuliza mkipata janga mtarudi baada ya muda gani, utamjibu kwa namba uliyoipima. Nakala hiyo ina faida nyingine: iko nje ya akaunti ya mtoa huduma. Mtu akiiba nywila ya akaunti, au akaifuta databesi bila kukumbuka kuwa bakapu za kila siku huweza kufutwa pamoja nayo, mnayo ya nyumbani. Kwenye akaunti yenyewe washa ulinzi dhidi ya kufuta. Ni kisanduku kimoja cha kuweka tiki, na hakilipiwi.

Sasa umbali, na hapa ndipo nahofia mpango wenu. Nahisi mnataka kuacha PHP Majengo na kupeleka databesi peke yake kwenye wingu. Msifanye hivyo.

Vituo vya hawa wakubwa vilivyo karibu nasi viko Afrika Kusini: Microsoft walifungua Johannesburg 2019, Amazon Cape Town 2020, Google Johannesburg 2024. Tanzania hakuna. Kutoka Dodoma hadi Cape Town ni zaidi ya kilomita 3,500 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi, hata uzi ungevutwa kwa rula, ni milisekunde 35. Uzi halisi haukuvutwa kwa rula. Unashuka Dar, unaingia baharini, unaambaa pwani, unapanda nchi kavu tena, na kila kituo kinaongeza chake. Kwa hesabu yetu tuchukue 70.

Milisekunde 70 ni kufumba na kufumbua. Lakini fungua ukurasa wako wa stoo. Nikikisia vizuri, kwa sababu sote tuliandika hivyo tulipokuwa tunaanza, ukurasa unaiuliza databesi orodha ya bidhaa, kisha kwa kila bidhaa unauliza tena zimebaki ngapi. Bidhaa 150, maswali 151. Seva ikiwa chini ya kaunta, kila swali nusu milisekunde, huoni kitu. Databesi ikihamia Cape Town na PHP ikibaki Majengo, 151 mara 70 ni sekunde kumi na nusu. Mteja anataka mfuko mmoja wa mbegu za alizeti na karani anatazama skrini nyeupe. Bosi atasema wingu ni zito, na wewe utaanza kununua mashine kubwa zaidi ambayo haitasaidia chochote, kwa kuwa tatizo ni safari.

Dawa ni kupeleka PHP nayo ikae jirani na databesi, kituo kilekile. Maswali 151 yatazunguka ndani ya jengo, na kutoka Dodoma kutakuwa na safari chache tu za kivinjari. Baada ya hapo andika JOIN, amri ya kuunganisha majedwali ndani ya swali moja, maswali 151 yawe moja, kwa sababu hata ndani ya jengo ni aibu.

Lakini kuna jambo ambalo kuhamisha PHP hakulitibu. Wengi tunaikumbuka Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini na intaneti ikazorota nchi nzima. Fikiria mfumo wenu ungekuwa Cape Town siku hiyo, msimu wa mavuno, malori yamepanga foleni Kibaigwa. Databesi ingekuwa salama salimini, bakapu zote zimenyooka, na karani asingeweza kuuza hata jembe. Na si lazima mkongo ukatike baharini. Greda likipita Manyoni likakata waya, au mnara mmoja wa simu ukaishiwa umeme, ni yaleyale kwa tawi moja.

Kwa hiyo duka lenye matawi kama yenu linahitaji kaunta inayoweza kuuza peke yake. Hili ndilo ningelitumia nguvu zangu nyingi, kabla hata ya kuchagua mtoa huduma. PHP hiyohiyo unayoijua inaweza kukaa kwenye kompyuta ya kaunta pamoja na SQLite, ambayo ni databesi ndani ya faili moja, haihitaji seva wala usimamizi. Karani anauza, mauzo yanaandikwa kwenye SQLite ya hapohapo, risiti inatoka. Pembeni kuna programu ndogo ambayo kila dakika inajaribu kupeleka mauzo mapya kwenye wingu. Mtandao ukiwepo yanaondoka, usipokuwepo yanasubiri.

Kuna mitego minne hapo, nami nimenaswa na mitatu. Wa kwanza ni namba za risiti. Ukiacha kila tawi lihesabu lenyewe, Singida na Manyoni zote zitazaa risiti namba 1051, na zikikutana kule juu moja itaifuta nyingine. Ipe kila risiti UUID, yaani namba ndefu ya kubahatisha isiyojirudia popote, inayotengenezwa kaunta. Ile namba fupi ya mteja ibaki, lakini itanguliwe na herufi za tawi. Wa pili ni kutuma mara mbili: kaunta inapeleka, wingu linapokea, mtandao unakata kabla jibu halijarudi, kaunta inapeleka tena. UUID itakuokoa hapa pia, ukiandika INSERT, amri ya kuingiza data, yenye ON CONFLICT DO NOTHING, yaani kama risiti ipo tayari usifanye kitu, ambayo PostgreSQL inayo tangu toleo 9.5.

Wa tatu ndio mzito. Usitume salio, tuma tukio. Kaunta isiseme "mifuko iliyobaki ni 40". Iseme "nimeuza mifuko 3". Kama kaunta mbili za Majengo zimekatika mtandao na kila moja inaamini kuna 43, zote zikituma salio, ya mwisho kufika inashinda na mauzo ya mwenzake yanapotea kwenye stoo bila kelele. Zikituma matukio, 43 toa 3 toa 5, hesabu inakaa sawa hata zikifika kwa kuchelewa au kwa kupishana. Bibi zetu walioandika mauzo ya ulanzi kwa mkaa ukutani walilijua hili: unachora alama kwa kila kibuyu kilichotoka, hufuti jumla na kuandika nyingine.

Wa nne ni mikopo, na huu si wako wa kuamua. Mkulima anakopa mbolea hadi mavuno. Kaunta iliyokatika mtandao haiwezi kujua asubuhi hiyo amekopa kiasi gani tawi jingine. Nenda kwa bosi na kalamu: mtandao ukikatika, karani aruhusiwe kukopesha hadi kiasi gani? Akishataja, andika kwenye programu.

Nigusie saa, maana sisi Waswahili tunaishi na saa za aina tatu kwa wakati mmoja: ya Kiswahili, ya kompyuta na ya UTC. RDS inataka uchague muda wa matengenezo kwa wiki, usiopungua dakika 30, ambao mashine yaweza kuzimwa na kuwashwa. Muda huo unaandikwa kwa UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Kijana mmoja niliyemfundisha alichagua 04:00, kichwani mwake saa nne usiku, watu wamelala. 04:00 ya UTC kwetu ni saa moja asubuhi, maduka yanafunguliwa. Chagua 22:00, utapata saa saba usiku. Na kwenye majedwali yako tumia timestamptz, aina ya safu ya muda inayozingatia eneo la saa, uweke eneo la saa Africa/Dar_es_Salaam unaposoma, la sivyo ripoti zitarudi nyuma saa tatu na mhasibu atakuona mchawi. Kompyuta za kaunta zenyewe usiziamini saa: betri yake ndogo ikiisha, umeme ukikatika inaamka ikiamini ni Januari ya mwaka iliyotengenezwa. Andika muda wa kaunta na muda wa kupokelewa kwenye wingu, vyote viwili.

Fedha. Msikubali kuuziwa mashine kubwa. Hebu tupige hesabu kwa ukarimu: maduka manne, risiti 300 kila moja kwa siku, siku 360, ni risiti 432,000 kwa mwaka, tuseme mistari mitatu kila risiti, karibu mistari milioni 1.3. Hiyo haifiki gigabaiti moja ya data. Mashine ya daraja dogo kabisa, yenye gigabaiti moja au mbili za kumbukumbu, itawatosha, na tatizo la kwanza mtakalokutana nalo litakuwa idadi ya miunganisho. PostgreSQL inafungua mchakato mzima kwa kila muunganisho, na mpangilio wake wa kawaida ni 100. PHP isiyotunzwa inaweza kuzimaliza zote siku ya soko. PgBouncer, programu ndogo inayokaa katikati na kugawana miunganisho michache, inatibu.

Mnalipa kwa saa, na mwezi una saa kama 730, pamoja na zile mnazolala. Kuizima usiku ili kuokoa fedha si tiba kwa databesi ambayo kaunta zinaitumia kila siku. Na mkiizima kwenye RDS kwa muda mrefu, baada ya siku saba inajiwasha yenyewe na mita inaanza kuhesabu. Nafasi ya diski ombeni ndogo, maana kuiongeza ni rahisi na kuipunguza kwa kawaida hairuhusiwi. Zile mashine za bei nafuu za jina la T, kwenye RDS zikizidishiwa kazi kwa muda mrefu hazipungui kasi. Zinawaongezea bili. Weka tahadhari ya matumizi itume barua pepe kwako na kwa bosi. Na ile mashine ya pili kwenye jengo jingine, ambayo inachukua nafasi ya ya kwanza ndani ya dakika moja au mbili, karibu inaongeza bei mara mbili. Ni nzuri. Kwenu naona isubiri mwaka wa kwanza, kwa kuwa kaunta zinazouza peke yake zinaweza kungoja hata nusu saa.

Jambo dogo lenye madhara makubwa: malipo kwa kawaida ni kwa dola na kwa kadi. Kadi ikiisha muda wake, au benki ikizuia malipo ya nje, barua za kukumbusha zinakwenda kwenye anwani aliyoifungua mtu aliyeacha kazi mwaka jana, na mwisho wake akaunti inasimamishwa. Andikisha akaunti kwa barua pepe ya kampuni, uweke kadi ya pili. Usiandikishe kwa jina lako. Siku ukigombana na bosi, databesi yake isiwe mfukoni mwako. Ni kwa usalama wako kuliko wake.

Sheria nayo. Mnatunza majina ya wakulima, namba zao za simu, na nahisi namba za NIDA kwa wanaokopa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za namna hiyo ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kuzipeleka nje ya nchi kunahitaji kibali chake. Cape Town ni nje ya nchi. Iandikie Tume kabla ya kuhama, na ujiulize pia kama hiyo namba ya NIDA mnaihitaji kweli ndani ya mfumo wa mauzo. Mara nyingi iliingia kwenye fomu kwa mazoea tu. Kama ofisi yenu ingekuwa ya umma ningekujibu mengine kabisa, kwani serikali ina kituo chake cha data na utaratibu wake.

Ulinzi ni maneno machache. PHP ikikaa jirani na databesi, mlango 5432, ule ambao PostgreSQL hupokelea wageni wake, hauna sababu ya kufunguliwa kwa dunia. Uachie seva ya PHP peke yake. Programu iingie kwa mtumiaji mwenye haki ndogo, yule mkuu abaki kwa kazi maalumu. Mkuu mwenyewe kule si mkuu kama ulivyozoea: hutagusa mafaili ya seva, na COPY inayosoma faili kutoka kwenye diski ya seva itakataa. Tumia \copy, inayosoma kutoka mashine yako. Nyongeza za PostgreSQL nazo ni zile tu zilizo kwenye orodha yao, kwa hiyo angalia kama unatumia yoyote ya pekee.

Wapo watakaokushauri ukodi seva tupu, ya hapa nchini au ya nje, usimike PostgreSQL mwenyewe kwa bei ya chini. Si ushauri mbaya kwa mtu anayependa kazi hiyo na ana mwenzake wa kupokezana. Wewe uko peke yako na maduka manne. Ukiugua malaria wiki moja, nani ataweka viraka?

Kwa mpangilio, mimi ningeanza na kaunta, hata kabla ya kufungua akaunti popote: Majengo kwanza, kisha Manyoni, ikae mwezi mzima ikituma kwenye hiyohiyo kompyuta ya chini ya kaunta. Makosa utakayoyaona yatakuwa ya bure. Kisha kibali, kisha PHP na databesi pamoja usiku mmoja wa Jumapili, kaunta zikiwa zimeambiwa ziuze bila mtandao mpaka umalize. Siku ya kuhama ikienda vibaya, unazielekeza kaunta zirudi Majengo, na hakuna mteja atakayejua.

Kabla hujafika huko, niandikie unijibu jambo moja ambalo hukulitaja: PostgreSQL mliyonayo ni toleo gani? Kila toleo kuu linatunzwa na waandishi wake miaka mitano. Baada ya hapo watoa huduma wanakulazimisha kupanda au wanakutoza zaidi kwa kubaki nalo. Na kama ni la zamani sana, utoe nakala kwa pg_dump ya toleo jipya unalohamia, si ya lile la zamani. Fungua dirisha la amri pale Majengo, andika SELECT version(). Unitumie mstari wote kama ulivyo.